Laptop inayopata moto mfukoni na kuamka usiku: usikimbilie kuformati

*“Nina sekretaria ndogo upande wa Kasapa, hapa Lubumbashi, ninachapa TFC na mémoire (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi. Mwezi wa nane nilinunua laptop ya occasion (iliyokwisha kutumika) iliyotoka Ubelgiji: Windows 11 ya Kifaransa, RAM 8 GB, SSD 256 GB. Jioni ninafunga kifuniko bila kuizima, ninaitia mfukoni, ninapanda bus mpaka Katuba. Ni karibu saa nzima njiani. Nikifika, mfuko una moto, feni inalia, betri iliyokuwa 80 imebaki 35. Kwetu umeme hurudi usiku, kwa hiyo ninaiacha kwenye chaja, imefungwa. Mwezi wa tisa nilikuwa ninasikia feni ikianza saa nane ya usiku; sasa tuko mwezi wa kumi na moja, inaanza saa tisa. Asubuhi zingine ninakuta imekufa na kurasa za mteja zimepotea. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, tuformati. Wa pili alisema betri imekwisha, ninunue nyingine. Mpwa wangu aliniwekea ‘Jamais’ (kamwe) kila mahali palipoandikwa veille (usingizi), haikusaidia. Siku hizi ninaizima kwa kushikilia kitufe mpaka ikatike. Nimsikilize nani?”*

Mama, pole kwa kurasa zilizopotea. Anayelipwa kwa ukurasa akilazimika kuchapa upya, siku yote imekwenda bure. Kwa sasa usimsikilize fundi wa kwanza wala wa pili. Kwa jinsi ulivyoeleza, mashine yako inaelekea kuwa nzima. Inafanya ilivyopangiwa, ila mpango huo ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme wake haukatiki na ambaye laptop yake hulala mezani, si ndani ya mfuko uliofungwa zipu kwenye bus ya Katuba. Na unayoyaona ni matatizo matatu: joto la mfukoni, kuamka usiku, na kazi kupotea. Yanaonekana kama ugonjwa mmoja kwa sababu yote yanatokea kifuniko kikiwa kimefungwa.

Nianze na betri, maana hiyo ndiyo ingekula pesa yako ya kwanza. Tufanye hesabu. Betri ya laptop ya kawaida hubeba karibu saa-wati 45. Kutoka 80 hadi 35 ni asilimia 45, yaani kama saa-wati 20, nazo zimekwenda katika saa moja. Hiyo ni wati 20 mfululizo, kiasi ambacho laptop hutumia ikiwa kazini. Laptop iliyolala vizuri haifikii hata wati moja. Hata kama betri yako imechoka na inabeba nusu tu ya uwezo wake wa zamani, bado ni wati 10, na bado huo si usingizi. Betri iliyochoka huisha haraka, ni kweli, lakini si yenyewe inayoamuru feni ilie. Feni hulia kwa sababu prosesa inafanya kazi. Kwa hiyo ukinunua betri mpya leo, mfuko utapata moto vilevile kesho, na utakuwa na betri mpya inayopikwa kila jioni.

Virusi navyo vinaweza kuamsha mashine, siwezi kukataa, hasa kama vijiti vya USB vya wanafunzi vinaingia na kutoka siku nzima. Fanya uchunguzi kamili kwa Sécurité Windows iliyomo ndani ya mashine, ni bure, uache uende wakati unakula. Lakini kuformati kwa ajili ya dalili hizi sikubali. Windows mpya itakuja na mipangilio ileile inayokusumbua, maana ndiyo mipangilio ya kawaida. Na mara nyingi mambo huwa mabaya zaidi: fundi akiformati bila kurudisha programu ya kadi ya picha, Windows hutumia ile inayoitwa “Carte vidéo de base Microsoft”, na hiyo haijui kulaza mashine. Neno “Mettre en veille” linatoweka kwenye menyu, mwenye laptop anaambiwa ubao mama umeharibika. Ukiona mashine iliyoformatiwa juzi haina tena veille, angalia hapo kwanza.

Sasa tuingie kwenye usingizi wenyewe. Tangu mwaka 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilipotoa kanuni iitwayo ACPI, hali za kompyuta zina majina ya herufi S na namba. S0 ni mashine iko macho. S3 ni usingizi wa zamani: prosesa inazimwa, feni inasimama, skrini inazimika, kinachobaki na umeme kidogo ni RAM peke yake, kwa sababu kazi uliyofungua imo humo. RAM ni kama mtu aliyekinga maji kwa viganja: akilegeza mikono tu, yote yamemwagika. Umeme ukikatika kabisa, kilichokuwamo kimekwenda. S4 ndiyo ile ambayo Windows yako inaiita “veille prolongée”: kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Haihitaji umeme hata kidogo. Unaweza kutoa chaja, kutoa betri, kuiacha wiki mbili; ukiiwasha, Word inafunguka kwenye sentensi uliyoiacha. S5 ni kuzima.

Tatizo lilianza pale watengenezaji walipotaka laptop iige simu. Kuanzia Windows 10, mwaka 2015, mashine nyingi zilipewa usingizi wa aina nyingine, unaoandikwa S0 vilevile, yaani kiini chake hakizimwi. Skrini inakuwa nyeusi, lakini ndani mfumo bado uko hai kwa kiwango cha chini: unaweza kushika Wi-Fi, kuvuta barua pepe, kushusha masasisho. Mambo yakienda sawa, unatumia umeme kidogo sana. Yasipokwenda sawa, programu moja tu yenye ukaidi, au kadi ya Wi-Fi inayotafuta mtandao uliouacha Kasapa, inatosha kuiweka prosesa kazini ndani ya mfuko usio na hewa. Hapo joto linapanda, feni inavuta hewa ileile ya moto na kuizungusha. Nadhani hicho ndicho kinachokupata njiani, lakini usiniamini tu, iulize mashine.

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Démarrer, chagua “Terminal (administrateur)”, kubali, kisha andika `powercfg /a` na ubonyeze Entrée. Kama mkwaju unakusumbua kwenye kibodi ya Ubelgiji, kistari kinakubalika pia: `powercfg -a`. Itatoka orodha mbili, juu hali zilizopo na chini zile zisizopatikana pamoja na sababu. Ukiona S0 juu, tumempata mhusika. Ukiona S3, joto la mfukoni lina chanzo kingine, pengine kifaa kinachoiamsha mashine wakati bus inapotikisika, kipanya cha wireless kwa mfano, nitakirudia hicho. Katika hali zote mbili angalia kama “veille prolongée” imo kwenye orodha ya juu. Laptop nyingi za occasion huja ikiwa imezimwa, kwa sababu aliyeisafisha alitaka kuokoa nafasi kwenye diski. Kama haimo, andika `powercfg /hibernate on`.

Kisha nenda Panneau de configuration, Options d’alimentation, na upande wa kushoto bonyeza “Choisir l’action qui suit la fermeture du capot”. Kuna safu mbili, ya betri na ya umeme wa ukutani. Kwenye mstari wa kifuniko weka “Mettre en veille prolongée” katika safu zote mbili. Fanya hivyohivyo kwa kitufe cha kuwashia, ili ukikigusa mara moja tu, bila kukishikilia, mashine iandike kazi yako kwenye diski na kuzimika. Hifadhi. Jioni ukifunga kifuniko, subiri taa izimike na feni inyamaze kabla ya kuitia mfukoni. Kwenye SSD ni sekunde chache. Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua karibu dakika nzima, na huko kusubiri ni lazima, kwa sababu diski hiyo haipendi kutikiswa ikiwa inaandika.

Hapa ndipo mpwa wako alipokosea, ingawa nia yake ilikuwa njema. “Jamais” aliyoiweka inahusu muda: mashine ikikaa bila kuguswa kwa dakika kadhaa, ilale au isilale. Kifuniko kina amri yake peke yake, haisikilizi muda huo. Kwa hiyo ukifunga, ililala usingizi uleule wa S0 kama zamani. Ila sasa, ukiiacha wazi mezani na kwenda kuongea na mteja, haitalala kamwe. Rudisha muda huo: dakika 15 kwa betri inatosha.

Kuna gharama zake, nami sitaki uzigundue baadaye. Kuwasha kutoka veille prolongée ni polepole kuliko kuinua kifuniko na kukuta skrini tayari. Kwa SSD utangoja sekunde kumi, pengine ishirini. Faili ya usingizi huo, hiberfil.sys, huchukua kwa kawaida asilimia 40 ya RAM, kwako karibu 3,2 GB kati ya 256. Mafundi wengine watakuambia inaua SSD kwa kuandika mno. Chukua mara mbili kwa siku: ni kama 6 GB, au karibu 2,2 TB kwa mwaka, wakati SSD nyingi za ukubwa huo hupewa dhamana ya kuandika zaidi ya 70 TB. Laptop itachoka kwa mambo mengine kabla ya hilo. Kwa mtu wa mji ambao umeme haukatiki ningesema abaki na veille ya kawaida. Kwa Lubumbashi, na délestage (kukatwa umeme kwa zamu) tunazozijua, sioni mashindano.

Utakutana pia na video zinazokuambia uingie kwenye “Registre”, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, uifute S0 ili S3 irudi. Usifanye. Kama kiwanda hakikuweka S3 ndani ya BIOS (programu ya kiwandani inayoanza kabla ya Windows), ukiondoa S0 unabaki bila usingizi wowote. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo hilo ndani ya BIOS yenyewe, chini ya “Sleep State”, ambapo kuchagua “Linux” kunarudisha S3. Hapo ni halali, maana mtengenezaji ameruhusu. Kwa mashine nyingine, veille prolongée inakutosha.

Tuje kwenye usiku. Maelezo yako ya saa nane na saa tisa yamenisaidia sana, hongera kwa kuwa na sikio zuri. Windows ina kazi ya matengenezo inayojiendesha yenyewe, na saa yake ya kawaida ni 02:00, yaani saa nane ya usiku. Inakagua diski, inasafisha mafaili, inachungulia masasisho. Ikiwa mashine iko kwenye chaja, inaruhusiwa kuamka kwa ajili hiyo. Wewe unaiacha kwenye chaja usiku kwa sababu ndipo umeme unaporudi, kwa hiyo inapata kila inachohitaji.

Lakini kwa nini ilihama ikawa saa tisa? Kwa sababu laptop yako bado inadhani iko Ubelgiji. Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka: kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, Brussels inalingana na Lubumbashi, wote UTC+2 (saa mbili mbele ya saa ya kimataifa). Ndiyo maana ulipoinunua mwezi wa nane saa ilikuwa sahihi na hukuwa na sababu ya kuigusa. Mwisho wa mwezi wa kumi Brussels ilirudi nyuma saa moja, sisi hatukurudi. Sasa saa nane ya laptop ni saa tisa ya Katuba. Itazame pembeni ya skrini ulinganishe na simu yako. Kama iko nyuma kwa saa moja kamili, jibu ni hilo.

Rekebisha kwenye Paramètres, Heure et langue, Date et heure. Zima uchaguzi wa kujiendesha, halafu kwenye Fuseau horaire chagua “(UTC+02:00) Harare, Pretoria”. Lubumbashi haimo kwenye orodha, lakini hiyo ndiyo saa yetu mwaka mzima. Usichague ile ya Afrique centrale yenye UTC+01:00, hiyo ni ya Kinshasa, na wengi wetu huangukia hapo kwa kuwa jina linafanana na letu. Saa sahihi haitazuia kuamka, itafanya tu iamke saa nane tena. Cha kuzuia ni hiki: Panneau de configuration, Sécurité et maintenance, fungua sehemu ya Maintenance, kisha “Modifier les paramètres de maintenance”. Ondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu matengenezo kuiamsha mashine, na saa uisogeze mchana, wakati uko dukani na umeme upo. Matengenezo yenyewe usiyafute, yana faida.

Kama bado inaamka, ingia kwenye mipangilio ya juu ya umeme (paramètres d’alimentation avancés), sehemu ya Veille, uangalie “Autoriser les minuteurs de sortie de veille” na uweke Désactiver. Mashine nyingi za S0 hazionyeshi mstari huo, usishangae ukiukosa. Asubuhi, kabla hujafanya kitu kingine, andika `powercfg /lastwake` kwenye terminal. Itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho, ingawa kwa S0 mara nyingi jibu huwa tupu. Na `powercfg /devicequery wake_armed` inataja vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Ukikuta kipanya au kadi ya mtandao, nenda Gestionnaire de périphériques, fungua kifaa hicho, kichupo cha Gestion de l’alimentation, uondoe ruhusa hiyo. Kibodi iachie.

Sasa kurasa zilizopotea, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo, kwa sababu kuna njia mbili za kupoteza kazi na dawa zake hazifanani. Ya kwanza: mashine iliamka, umeme ukakatika, ikaendelea na betri mpaka ikafa, na RAM ikamwaga kila kitu. Ya pili: Windows ilishusha sasisho usiku, ikaona hakuna mtu, ikajizima na kujiwasha ili kulikamilisha. Katika njia hii ya pili betri inaweza kuwa imejaa kabisa, ila Word imefungwa na unakaribishwa na ukurasa wa nenosiri.

Kuzitenganisha, fungua Observateur d’événements, Journaux Windows, Système. Tafuta usiku husika. Namba 41 yenye jina Kernel-Power maana yake mashine ilikatika bila kuaga. Namba 1074 maana yake kuna programu iliyoagiza kuzima au kuwasha upya, na imeandikwa jina lake. Shida ni kwamba kushikilia kitufe nako huandika 41. Kwa hiyo Mama, acha kwanza tabia hiyo ya kitufe, la sivyo daftari hilo litajaa vifo ulivyosababisha mwenyewe na hatutaweza kusoma vingine. Na hata bila hilo, kukata namna hiyo kunaweza kuharibu faili iliyokuwa inaandikwa wakati huohuo. Kushikilia kitufe ni kwa mashine iliyoganda tu, isiyosikia kipanya wala kibodi.

Kama ni 1074, nenda Windows Update, Options avancées, uweke Heures d’activité kuanzia 6:00 hadi 23:00. Inakubali muda usiozidi jumla ya saa 18 kwa siku. Na kwa kuwa najua mega zinanunuliwa, weka alama ya “Connexion limitée” kwenye Wi-Fi ya simu yako. Windows itapunguza sana kushusha vitu bila idhini. Halafu chagua siku moja ya juma ufanye masasisho kwa makusudi, kazi zote zikiwa zimefungwa. Kuyakataa milele ni hatari, hasa kwako unayepokea USB za watu.

Kama ni 41, veille prolongée imeshatibu sehemu kubwa, kwa kuwa mashine iliyozimika haina cha kupoteza umeme ukienda. Bado weka kinga ya wakati unapofanya kazi. Kwenye mipangilio ya juu, sehemu ya Batterie, “Action de batterie critique” iwe Veille prolongée, na kiwango chake ukipandishe kutoka asilimia 5 hadi 10. Betri za occasion hudanganya: zinaonyesha 9, ghafla ni sifuri, na mashine haipati muda wa kuandika. Kwenye Word nako punguza muda wa kuhifadhi kwa dharura kutoka dakika 10 hadi 2. Ctrl+S ndiyo ya uhakika zaidi, lakini nani anaikumbuka mteja akiwa amesimama nyuma yake anasoma kila neno?

Jambo lingine linalowachanganya wengi. Ukibonyeza “Arrêter”, Windows haizimi yote. Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuna “démarrage rapide”: programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo kinaandikwa kwenye diski kama usingizi wa S4, ili kesho iwake haraka. Ndiyo sababu mtu anasema “nimezima na kuwasha mara tano, kosa lipo palepale”. Kosa lilihifadhiwa pamoja na kiini. “Redémarrer” ndiyo inayoanza upya kweli. Kwa hiyo baada ya kubadilisha mipangilio hii yote, chagua Redémarrer mara moja kabla ya kuhukumu kama imefaulu.

Ukimaliza, upime betri ili ujue kama fundi wa pili alikuwa na haki kidogo. Andika `powercfg /batteryreport /output C:\betri.html`, kisha fungua faili hiyo. Linganisha mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo ilipotoka kiwandani, wa pili ni uwezo wa leo. Ikiwa wa pili haujashuka chini ya robo tatu ya wa kwanza, kwa laptop ya occasion umebahatika. Chini ya nusu, anza kuweka akiba ya betri, bila haraka. Na `powercfg /sleepstudy /output C:\usingizi.html` itakuonyesha siku tatu zilizopita, kila usingizi na kilichokula umeme ndani yake. Ifungue siku chache baada ya mabadiliko. Ukiona safari za Kasapa hadi Katuba hazili tena betri, umemaliza.

Kama una kompyuta ya mezani hapo sekretaria, yenyewe haina betri, kwa hiyo veille ya kawaida ni hatari zaidi kwake. Tafuta “Autoriser la veille hybride” kwenye mipangilio ya juu ya umeme na uiwashe: inabaki na RAM ikiwa macho lakini imeshaandika nakala kwenye diski, umeme ukikatika unarudishiwa kutoka hapo. Onduleur (kifaa chenye betri ya akiba) ndogo inayokupa dakika tano za kuhifadhi ni bora zaidi, ukipata uwezo.

Kuna mambo ambayo hayatibiki kwa kuandika amri, hayo yapeleke kwa fundi ana kwa ana. La kwanza ni la usalama: ikiwa padi ya kipanya imeinuka, kifuniko cha chini kinaachana, au laptop inayumba ikiwekwa juu ya meza tambarare, betri imevimba. Itoe kwenye chaja sasa hivi, usiibonyeze, usiitoboe, usilale nayo chumbani, na hapo kweli betri ibadilishwe. Harufu ya kuungua ni hivyohivyo. Pili, ukifunga kifuniko na hakuna kinachotokea hata baada ya mipangilio hii, huenda kihisi cha sumaku kwenye ukingo kimekufa. Tatu, saa ikirudi kwenye mwaka wa zamani kila betri inapoisha, ni betri ndogo ya ubao, mara nyingi CR2032, ambayo ni ya bei ndogo. Nne, feni ikilia hata mashine ikiwa wazi mezani bila kazi nzito, ifunguliwe isafishwe vumbi. Mji wetu unalo la kutosha, hasa wakati wa kiangazi.

Ukienda, nakili kwanza kazi za wateja kwenye diski ya nje, na umwambie fundi waziwazi kwamba huruhusu kuformati bila kukupigia simu. Akipendekeza kusasisha BIOS, ni wazo zuri, mara nyingine hurekebisha usingizi wa S0 moja kwa moja, ila ifanyike betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, na si kwa betri inayokufa ghafla ikiwa kwenye 9. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo na betri ikashindwa kushika, ubao unaweza usiwake tena.